Kuchagua kombi ya sayansi ya fomu faivu: hatua kwa hatua kwa wanafunzi wa Mtwara na Lindi

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka maswali ni yaleyale kila mwaka, yatoke Newala, Liwale au Chikongola. "Nina C ya Kemia na D ya Fizikia, nichague PCB au CBG?" "Hisabati nimepata D, PCM watanichukua?" "Nimeambiwa CBG nayo inaenda udaktari, ni kweli?" (Herufi za kombi ni za masomo yake: P ni Fizikia, C Kemia, B Baiolojia, G Jiografia, M Hisabati.) Mwongozo huu ni wa mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne au anayejaza sasa hivi Selform, yaani fomu ya kuchagua kombi na shule, pamoja na mzazi au mjomba atakayekaa naye kulijadili jambo hili. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka mbili za kwanza, zilizobaki hazitakufaa.

Kombi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano na sita, au tahasusi kama fomu inavyoiita, haichaguliwi kwa sifa yake mtaani. Tazama mlango unaotaka kuingia baada ya kidato cha sita, kisha tazama alama zako za somo mojamoja. PCB si kombi ya "vichwa" na CBG si kombi ya waliokosa. Ni njia mbili zinazofika sehemu tofauti.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Matokeo yako ya kila somo, yameandikwa au yamechapishwa. Divisheni peke yake haitoshi.
- Namba yako ya mtihani: herufi S, tarakimu nne za shule, tarakimu nne zako, pamoja na mwaka uliofanya mtihani.
- Cheti cha kuzaliwa, ili ulinganishe majina na yale yaliyo kwenye matokeo.
- Mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka wa karibuni, ule wa waombaji wa kidato cha sita. Uko bure kwenye tovuti yao. Pakua na ule wa NACTVET wa vyuo vya kati. Huenda ukauhitaji kuliko unavyodhani.
- Mitihani mitatu iliyopita ya kidato cha nne kwa kila somo unalolifikiria.
- Kalkuleta ya kisayansi, daftari, na saa au simu yenye kipima muda.
- Wiki mbili. Uamuzi wa miaka miwili usifanywe jioni moja kwenye intaneti kafe huku watu wamepanga foleni nyuma yako.

Hatua ya 1: Geuza herufi ziwe pointi

Kwa kidato cha nne, A ni alama 75 hadi 100 na ina pointi 1. B ni 65 hadi 74, pointi 2. C ni 45 hadi 64, pointi 3. D ni 30 hadi 44, pointi 4. F ni chini ya 30, pointi 5. Pointi zikiwa chache ndiyo vizuri.

Itazame C kwa makini. Aliyepata 46 na aliyepata 63 wote wana C, lakini hawako mahali pamoja. Karatasi ya matokeo haikuonyeshi alama yenyewe, kwa hiyo kumbuka mitihani yako ya moko (ya majaribio) na ya shule ujue C yako inaelemea wapi. Kama moko ya mkoa ulipata D ya Fizikia na Novemba ukapata C, chukulia kuwa C hiyo ni ya chini.

Hatua ya 2: Anza na kozi, rudi nyuma hadi kwenye kombi

Wengi huenda kinyume: wanachagua kombi kwanza, kozi wanaitafuta miaka miwili baadaye, na hapo ndipo wanapokuta mlango umefungwa. Andika kozi tatu unazozitaka. Fungua mwongozo wa TCU, tafuta kila kozi, na nakili masomo yanayotakiwa kama yalivyoandikwa. Utakutana na neno "prinsipo", yaani ufaulu wa A hadi E katika kidato cha sita, ambao ni alama 40 na kuendelea. Chini yake kuna S, ufaulu mdogo usiohesabiwa kuwa prinsipo.

Picha ya jumla ni hii:

- Udaktari wa binadamu unataka prinsipo tatu: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kombi yake ni PCB. CBG haina Fizikia, kwa hiyo haiingii. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu ni hapana, hata ukipata A tatu.
- Uhandisi wa ujenzi, umeme na mitambo unasimama juu ya Hisabati na Fizikia. PCM ndiyo njia iliyonyooka. PGM nayo huingia kozi nyingi za aina hii, ila zipo zinazouliza Kemia, hasa za uhandisi wa kemikali na za mafuta na gesi, kwa hiyo soma mstari wa kozi yako hadi mwisho. PCB haina Hisabati ya juu, haiendi uhandisi.
- Kilimo, misitu, lishe, sayansi ya wanyama na mazingira zinajengwa juu ya Kemia na Baiolojia. CBG, CBA (yenye Kilimo) na CBN (yenye Lishe) zinafaa, na PCB pia.
- Upimaji ardhi na ramani zinataka Hisabati pamoja na Fizikia au Jiografia. PGM imekaa vizuri hapa.
- Kompyuta na takwimu zinataka Hisabati kwanza. PCM, PGM, PMCs (yenye Kompyuta) na hata EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) zinafungua milango hiyo.
- Ualimu wa sayansi unataka ufaulu wa masomo mawili utakayofundisha. Walimu wa Fizikia na Hisabati bado ni haba, na anayetaka kufundisha asione aibu kuliandika hilo kama chaguo la kwanza.

Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa zikafika 65. Nyingi mpya hazisomwi katika kila shule. Ukiiona inayokuvutia, hakikisha kwanza kuna kozi inayoitaja na kuna shule inayoifundisha.

Sasa neno la kwetu huku Kusini. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ya Mnazi Bay 1982. Tangu bomba la kwenda Dar es Salaam likamilike, kila mzazi Mtwara amesikia kuwa mtoto asome PCM "aende gesi". Mtambo wa kuchakata gesi kama wa Madimba huendeshwa na watu wachache waliobobea, na sehemu yao ni mafundi sanifu waliotoka vyuo vya ufundi. Soma PCM kwa sababu unaiweza Hisabati na unataka uhandisi popote nchini. Ukiisoma kwa sababu ya mtambo mmoja, umebana maisha yako mahali padogo.

Kinyume chake, CBG na CBA zinadharauliwa katika mikoa ambayo inaishi kwa korosho, na hilo linaumiza. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, unaposhika maua ya mkorosho, swali la kwa nini salfa inauzuia, ipulizwe lini na kwa kiasi gani, ni swali la Kemia na Baiolojia tupu. TARI Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ni kituo cha utafiti chenye jukumu la zao hilohilo. Mtoto wa Tandahimba aliyekulia chini ya mikorosho anaingia kwenye kozi hizo akijua mambo ambayo mwenzake wa mjini atayakuta kitabuni.

Hatua ya 3: Pitisha kombi zako kwenye chujio

Ili uchaguliwe shule ya serikali, vigezo ambavyo vimekuwa vikitumika ni hivi: kredi tatu au zaidi, yaani A hadi C, bila kuhesabu masomo ya dini, jumla ya pointi za masomo saba isizidi 25, pointi za masomo matatu ya kombi ziwe kati ya 3 na 10, na usiwe na F katika somo lolote la kombi. Umri usizidi miaka 25. Soma tangazo la mwaka wako kabla ya kujaza.

Tufanye hesabu kwa mifano.

*Mwanafunzi wa kwanza:* Hisabati D, Fizikia C, Kemia B, Baiolojia B, Jiografia C. PCB ni 3+2+2, jumla 7. CBG ni 2+2+3, nayo 7. PCM ni 3+2+4, jumla 9. PGM ni 3+3+4, jumla 10. Zote nne zinapita kwenye karatasi. Lakini D ya Hisabati maana yake aliandika majibu sahihi ya chini ya nusu ya mtihani, na Hisabati ya fomu faivu inaanza pale ambapo ile ya fomu foo iliishia. Huyu aache PCM na PGM. Achague PCB kama anataka afya, CBG kama anataka mazingira au kilimo.

*Mwanafunzi wa pili:* Hisabati B, Fizikia D, Kemia D, Baiolojia C, Jiografia B. PCB ni 4+4+3, jumla 11. Imekataa, hata asiijaze. PCM ni 4+4+2, jumla 10, inapita kwa kugusa ukuta. CBG ni 9. PGM ni 4+2+2, jumla 8. Nguvu yake iko Hisabati na Jiografia. PGM iwe juu, na EGM iwe ya pili hata kama si sayansi kamili.

*Mwanafunzi wa tatu:* Hisabati F, Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C, Jiografia D, Kiswahili B. PCB ni 10, CBG ni 10. Ana kredi tatu. Anaruhusiwa, lakini asimame afikiri. Ufaulu wake ule ule unatosha kuomba diploma ya tiba katika chuo cha kati, kwa sababu kozi hiyo inataka ufaulu wa masomo manne, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mtwara kwenyewe kuna chuo cha matabibu. Miaka mitatu ya diploma yenye kazi mkononi si njia ya aliyeshindwa. Akifaulu vizuri, anaweza kuendelea hadi shahada.

Angalizo: pointi 10 ni ruhusa ya kushindania nafasi, nafasi yenyewe bado. PCB inagombewa sana na wenye pointi 3, 4 na 5 wanatangulia. Mwenye 10 akijaza PCB peke yake kwenye machaguo yote anaweza kupangiwa asichokitaka.

Hatua ya 4: Jipime kwa wiki mbili

Matokeo yanaonyesha ulikuwa wapi Novemba. Unahitaji kujua uko wapi leo, na kama unaweza kukaa na somo hilo saa nne kwa siku bila kulichukia.

*Hisabati.* Chukua mtihani mmoja uliopita, kaa saa tatu kamili, usifungue daftari. Sahihisha kwa ukali: hatua isiyoonekana haina alama. Ukipata 60 na kuendelea, PCM na PGM ziko wazi. Kati ya 45 na 60, rudia baada ya wiki. Chini ya hapo mara zote mbili, achana na Hisabati ya juu.

*Fizikia.* Kwa fomula hii, T = 2π√(l/g), toa g. Jibu ni g = 4π²l/T². Likikuchukua zaidi ya dakika tatu, tatizo lako si Fizikia bali aljebra, na hilo linatibika kwa mazoezi. Kisha lifanye kwa mikono. Funga jiwe dogo kwenye uzi, pima sentimita 50 kutoka unapouning'iniza hadi katikati ya jiwe, livute pembeni kidogo tu, liachie, na uhesabu mibembeo 20 kamili, kwenda na kurudi ikihesabika mara moja. Unatakiwa kupata sekunde 28 na kitu. Gawa kwa 20 upate T, weka kwenye fomula, g itatoka karibu 9.8. Ukipata karibu 39, umehesabu kwenda peke yake na kurudi peke yake. Ukipata namba isiyoeleweka kabisa, umeingiza 50 badala ya 0.5. Makosa haya mawili ndiyo yanayokula alama za vitendo, na ukiyaona mwenyewe na kuyarekebisha bila kuambiwa, Fizikia inakufaa.

*Kemia.* Nenda shule uliyosoma, muombe mwalimu wa maabara akuruhusu ufanye taitresheni moja, yaani kupima asidi kwa besi. Suuza bureti kwa asidi utakayoitumia, pipeti kwa besi, lakini chupa ya koniko isuuzwe kwa maji tu. Ukiisuuza kwa besi unaongeza besi usiyoipima, na jibu litapanda. Ondoa faneli juu ya bureti kabla ya kusoma, la sivyo tone litaanguka katikati ya kazi. Angalia ncha ya chini isiwe na kiputo cha hewa. Weka matone mawili au matatu ya kiashiria, methili oranji, si zaidi. Soma kwa jicho lililo sawa na usawa wa chini wa kimiminika, uandike desimali mbili. Rudia hadi majibu mawili yasipishane zaidi ya 0.2. Kidato cha sita kina mtihani wa vitendo wa Fizikia, wa Kemia na wa Baiolojia, kila somo lake. Asiyependa kazi ya subira kama hii atateseka.

*Baiolojia.* Chagua mada moja, kwa mfano mzunguko wa damu, isome saa moja, funga kitabu, uandike ukurasa mzima kwa Kiingereza kwa maneno yako. Wengi wanaijua Baiolojia kwa Kiswahili vizuri kabisa, na fomu siksi wanaanguka kwa sababu maswali yanataka insha ya Kiingereza. Ukikwama kwenye lugha, andika ukurasa mmoja kila siku hadi Julai, masomo yanapoanza.

Hatua ya 5: Jua mzigo wa ziada

Masomo si matatu tu. Anayesoma kombi isiyo na Hisabati ya juu, kama PCB, CBG, CBA na CBN, anasoma pia BAM, Hisabati ya msingi ya matumizi. Kuna pia masomo ya lazima kwa wote. BAM haiingii kwenye hesabu ya divisheni, na ndiyo maana wengi wanaiacha ife. Wasifanye hivyo, kwa sababu zipo kozi za chuo kikuu zinazouliza ufaulu wa BAM kwa mwombaji asiye na Hisabati ya juu. Kama ulikimbilia PCB ili ukwepe Hisabati, ujue umeikwepa nusu tu, na Fizikia ndani ya PCB imejaa hesabu.

Hatua ya 6: Tazama shule

Selform inakuonyesha shule zenye kombi uliyochagua. Usijaze kwa jina. Ndanda, Chidya, Mtwara Ufundi, Masasi Wasichana na Mtwara Wasichana ni majina yanayojulikana huku, lakini kombi za shule hubadilika, kwa hiyo amini orodha ya mwaka huu kuliko kumbukumbu ya kaka yako.

Fungua matokeo ya kidato cha sita ya shule hiyo kwenye tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani), shuka hadi chini ya ukurasa. Kuna jedwali la kila somo lenye idadi ya waliofanya na wastani wa pointi. Wastani mdogo ndio mzuri. Tazama miaka mitatu. Shule ikiwa na Kemia na Baiolojia nzuri lakini Fizikia inaburuta kila mwaka, hapo huenda hakuna mwalimu wa Fizikia wa kudumu, na PCB itakuwa ngumu. Kama unamfahamu anayesoma pale, muulize maswali matatu tu: maabara inatumika mara ngapi kwa wiki, maji yapo, na walimu wa masomo hayo ni wangapi.

Nafasi hupangwa kitaifa. Unaweza kujaza shule za Kusini ukapelekwa Kagera. Mzazi alijue hili mapema.

Hatua ya 7: Kaeni nyumbani, na mpange pesa

Kwa familia nyingi za huku, kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera, mjomba ana sauti kubwa juu ya masomo ya mtoto. Basi awepo tangu mwanzo, asiletewe uamuzi uliokwisha. Mpelekee karatasi tatu: matokeo, majibu ya majaribio yako ya wiki mbili, na mistari ya kozi uliyonakili. "Mjomba, kozi ninayoitaka hii hapa, na masomo inayoyataka ndiyo haya" ni maneno yanayosikilizwa kuliko "sitaki PCB".

Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Hata hivyo fomu ya kujiunga huja na orodha: godoro, sare, madaftari, kalkuleta, vifaa vya usafi, michango, na juu yake kuna nauli. Masomo huanza Julai, wakati mikorosho ndiyo kwanza inaelekea kutoa maua na pesa ya korosho iko Oktoba huko. Inayowahi ni ya ufuta, minada ya Juni na Julai. Mwenye ufuta atenge kabla haujaisha. Asiye na ufuta aweke akiba ya korosho za msimu uliopita tangu Desemba, kwa sababu kukopa Julai ili ulipe Novemba kunakula mavuno kabla hayajaanguka chini.

Hatua ya 8: Jaza Selform, au uibadilishe

Selform ya kwanza hujazwa shuleni kabla ya mtihani, mara nyingi kwa haraka na kwa kufuata rafiki. Baada ya matokeo, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha, kwa kawaida mwezi wa Machi na Aprili. Ni bure. Fanya hivi:

1. Ingia selform.tamisemi.go.tz wewe mwenyewe. Kama unasaidiwa kafe, kaa mbele ya kioo na usome kila neno kabla halijabonyezwa.
2. Jisajili kwa namba yako ya mtihani na taarifa unazoulizwa. Andika nywila kwenye daftari, si kwenye kiganja.
3. Panga machaguo. La kwanza liwe kombi unayoitaka na unayoiweza. Yanayofuata yawe kombi ambazo pointi zako ni chache zaidi. La mwisho liwe lile ambalo hata ukilipata utaenda bila kulia. Kama unazo sifa za chuo cha kati, jaza na vyuo.
4. Hifadhi, toka, ingia tena, uhakikishe mabadiliko yamebaki. Wengi hubadilisha na kuondoka bila kuhifadhi.
5. Chapisha au piga picha ya ukurasa wa mwisho.

Angalizo: usisubiri wiki ya mwisho. Mfumo huelemewa, umeme hukatika, na dirisha halikusubiri.

Hatua ya 9: Tumia miezi kabla ya Julai

Kwa PCM na PGM, fanya aljebra, trigonometria na grafu kila siku, kisha uanze kalkulasi taratibu. Kwa PCB na CBG, rudia moli, uandishi wa milinganyo ya kemikali na Baiolojia ya seli. Vitabu vya kidato cha tano viko bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. NECTA nayo huweka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha majibu mabovu na sababu ya kukosa. Kwa hakika zinafundisha kuliko notsi nyingi za kununua.

Mambo yakienda kombo

*Nimepangiwa kombi nisiyoitaka.* Tazama kwanza kama kombi hiyo inafika kwenye mojawapo ya kozi zako tatu. Kama inafika, nenda. Kama haifiki, ripoti shuleni kwa muda uliopangwa, kisha muombe mkuu wa shule kwa maandishi ndani ya wiki za mwanzo. Atatazama mambo mawili: una sifa ya kombi hiyo, na nafasi ipo. Kubaki nyumbani ukisubiri ni kupoteza nafasi zote mbili.

*Nimeanza PCB, muhula wa kwanza Fizikia nimepata F.* Usihame kwa mtihani mmoja. Wengi huanguka muhula wa kwanza. Tazama umeanguka wapi. Kama ni hesabu, tafuta mwenzako wa PCM mfanye maswali matano kila jioni. Kama baada ya wiki nane hakuna mabadiliko yoyote, ongea na mwalimu wa taaluma kabla usajili wa mtihani wa taifa haujafungwa.

*Niliacha Fizikia fomu tatu.* PCM, PCB na PGM zimefungwa kwa sasa. CBG, CBA na CBN ziko wazi kama Kemia na Baiolojia zako ni nzuri. Ukiwa huna namna ila udaktari, jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea ufanye Fizikia. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na kabla hujalipa hakikisha kituo hicho kina maabara.

*Nimekosa kredi moja.* Kurisiti, yaani kurudia mtihani, ni somo moja au mawili, si yote saba. Chagua yale yaliyokuwa karibu na C.

*Majina hayafanani.* Juma Hamisi kwenye cheti cha kuzaliwa na Juma Khamis kwenye matokeo ni watu wawili mbele ya mfumo. Lianze mapema kupitia shule uliyosoma, usingoje hadi uombe mkopo wa chuo.

*Mfumo unakataa namba yangu.* Hakikisha hujaandika herufi O badala ya sifuri, mwaka ni wa mtihani na si wa kuzaliwa, na vitenganishi umeviweka kama mfano ulio kwenye ukurasa. Ikikataa bado, jaribu usiku baada ya saa nne au alfajiri. Ikishindikana siku mbili mfululizo, nenda ofisi ya elimu sekondari ya halmashauri yako na namba ya mtihani mkononi.